Simiyu Haikuhama: Juu ya Neno Tunalolikosea katika Kanzidata

Kosa lilianzia katika karatasi niliyoiandika mwenyewe. Kijana anayetusaidia kutunza mashairi yetu hapa Bariadi nilimwachia maelezo ya sentensi mbili: "Hamisha kwanza. Kisha ondoa safu ya zamani." Akafanya yote mawili, kwa mpango ule ule niliouandika, na kwa utii ambao siku nyingine ningeusifu. Kulipokucha, mashairi ya majuma 11 hayakuwapo.

Najua kwamba wengi wanaosoma hapa ni watunzi na wapenzi wa lugha, na huenda wakajiuliza habari za mitambo zinawahusu nini. Naomba subira yao kwa aya chache. Jambo lenyewe ni la lugha tangu mwanzo hadi mwisho, ila lilitokea ndani ya kompyuta.

Tuna programu ndogo ya wavuti ambamo watunzi wa mkoa huu huleta tungo zao. Nyuma yake zimo kanzidata mbili. (Wapo wanaosema hifadhidata, nami sina ugomvi nao, napendelea kanzidata kwa sababu kanzi ni hazina, na hazina hulindwa.) Kanzidata ya kwanza ni ya watu: jina la mtunzi, kata yake, namba yake ya simu. Ya pili ni ya tungo. Tulizitenganisha makusudi baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kuanza kutumika Mei 2023, kwa sababu ambayo mtoto angeielewa: shairi limetungwa lisomwe na kila mtu, namba ya simu ya mtunzi sivyo. Utengano huo una gharama yake. Kanzidata mbili hazifungiki kwa kamba moja. Shairi lililo katika ya pili humjua mwenyewe aliye katika ya kwanza kwa namba tu, na mtunzi akifutwa huku, shairi lake hubaki kule yatima bila mtambo kulalamika. Kulea uhusiano huo ni kazi ya mwandishi wa programu.

Sasa, mwanzoni tulikuwa tumehifadhi kila ubeti kama bonge moja la maandishi. Baadaye tukataka kila mshororo ugawanywe vipande vyake, ukwapi upande huu na utao upande ule, ili mtu aweze kutafuta vina vya kati na vya mwisho. Hilo lilidai kubadili umbo la jedwali: kuongeza safu mpya ambazo hazikuwapo. Katika mifumo kama Django, Laravel na Rails, badiliko la namna hiyo huandikwa katika faili dogo lenye namba yake, kisha hutolewa amri moja na kanzidata hutii. Kila kanzidata huwa na daftari lake la ndani, ambamo mtambo huandika ni faili zipi zimekwisha kutekelezwa, zisije zikarudiwa. Waingereza huiita amri hiyo "migrate". Sisi, tunapoifasiri, husema kuhamisha, au uhamishaji, au hata uhamiaji.

Kilichotokea usiku ule ni hiki. Katika Django, tunayoitumia sisi, amri hiyo hugusa kanzidata moja tu kwa wakati mmoja, na usipoitajia jina huigusa ile ya msingi. Kwetu ya msingi ni ya watu. Kijana alitoa amri bila kutaja jina. Mtambo ukajibu kwamba kila kitu kiko sawa, na haukusema uongo, kwani katika kanzidata ya watu kila kitu kilikuwa sawa. Naye alilisoma neno langu kama alivyofundishwa na mama yake: kuhamisha ni kutoa kitu hapa na kukipeleka pale. Akaamini kwamba maandishi yametoka katika safu ya zamani yakaingia katika mpya. Safu ya zamani machoni pake ikawa mahame. Watu wakishahama, kuna ubaya gani kubomoa vibanda? Akaingia katika kanzidata ya tungo akaifuta.

Na hata kama angetaja kanzidata iliyo sahihi, bado asingehamisha chochote. Amri ile ingejenga safu mpya zikiwa tupu. Kuyachukua maandishi ya zamani, kuyakata katikati na kuyaweka katika safu hizo ni kazi nyingine, yenye faili lake na wakati wake. Neno langu lilikuwa limekosea mara mbili.

Nakala nzima ya mwisho tuliyokuwa nayo ilikuwa ya majuma 11 nyuma. Huo ni uzembe wetu na hakuna neno litakaloutetea. Mashairi 19 yalikuwa yamepotea. Mengi yalirudi, mengine kutoka katika madaftari ya shule, mengine kutoka katika simu za watunzi. Lakini lipo moja la mzee wa Meatu ambaye haandiki. Alinighania kwa simu, nami nikawa napiga chapa moja kwa moja ndani ya programu huku nikijiona hodari. Nilipompigia tena kumwomba alirudie, alinyamaza kidogo, akasema: "Lile nilikwisha kulitoa, mwanangu." Akanipa jingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitazama neno hili kwa jicho la uadui, na maoni yangu ni kwamba tumelifasiri vibaya na tuache. Kiingereza kimetumia neno moja kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kutoa data katika kanzidata hii na kuzipeleka katika nyingine. La pili ni kubadili umbo la kanzidata, data zikiwa palepale zilipo. Waingereza wenyewe hujikwaa katika neno hilo, ila wao wamelirithi. Sisi tunachagua, na katika kuchagua tumebeba mkanganyiko wao tukauongezea wa kwetu.

Maana mzizi wa hama una kazi nyingi tayari. Uhamiaji ni idara yenye sare na mihuri. Mwambie kijana wa Bariadi kwamba kuna hitilafu ya uhamiaji, naye atauliza pasipoti iko wapi. Uhamisho ni barua anayoisubiri mwalimu aliyepangiwa mbali na mwenzi wake. Na katika mkoa huu wa Wasukuma, kuhama kuna uzito wa miguu na kwato: ni familia zilizoondoka na ng'ombe wao, mwaka huu kaka na mwaka ujao mdogo wake, zikaenda Usangu, Rukwa, bonde la Kilombero, kufuata malisho. Waliohama wameacha mahame nyuma yao. Unaweza kwenda ukayaona. Anayesikia neno hamisha hapa kwetu haoni jedwali likiongezewa safu. Anaona vumbi.

Mfano mzuri wa jambo la pili, lile lisilo na jina, ni mkoa wenyewe. Mwaka 2012 ilianzishwa mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zikatoka Shinyanga. Busega ikamegwa kutoka Magu, mkoani Mwanza. Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu hapa watu zaidi ya milioni 1.5. Ni nani kati yao aliyehama? Mama aliyelala Mwanhuzi akiwa mtu wa Shinyanga aliamka Mwanhuzi ile ile akiwa mtu wa Simiyu. Hakufunga mzigo, hakukodi mkokoteni, jogoo wake aliwika juu ya paa lile lile. Kilichogeuka ni jedwali lililomshika. Badiliko lilitangazwa katika Gazeti la Serikali, ambalo si kitu tofauti sana na lile daftari la ndani nililolitaja: limeandika ni badiliko gani lilifanyika na lilifuata lipi.

Hapa pana mtego ambao nusura tuuingie, na washairi watauelewa upesi kuliko mafundi. Baadhi ya tungo tulizonazo ni za kabla ya 2012, zilizokatwa kutoka magazetini au kunakiliwa kwa mkono. Watunzi wa magazeti walikuwa na desturi ya kutia jina na anwani chini ya beti ya mwisho. Kwa hiyo tuna mtu wa Bariadi aliyetia saini Shinyanga, na mtu wa Nyashimo aliyetia saini Magu, Mwanza. Mwenzetu mmoja alitaka tuandike amri ya mstari mmoja: kila palipo na Bariadi, Maswa au Meatu, mkoa usomeke Simiyu. Ingechukua chini ya sekunde moja. Ingekuwa pia ni kughushi saini za watu, wengine wao marehemu. Niliuliza: shairi limehamia wapi? Halikuhamia popote. Tukaongeza safu ya pili, moja ikiwa na mkoa kama mtunzi alivyouandika na nyingine mkoa wa leo, na saini zikabaki salama. Lakini angalia kwamba aliyependekeza amri ile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifikiri kwa neno kuhamisha: kama mkoa umehama, basi tuhamishe na mashairi yake.

Ninapendekeza neno geuzo, wingi wake mageuzo, kwa badiliko la umbo la kanzidata. Na kuhamisha libaki kwa data zinazosafiri kweli. Sikulichagua mageuzi kwa kuwa tangu miaka ya vyama vingi lina harufu ya kampeni. Badiliko ni pana mno. Hata kurekebisha tahajia ya jina la mtu ni badiliko. Geuzo lina umbo ndani yake, na msikilizaji atauliza mara moja: linageuka kuwa nini? Hilo ndilo swali ambalo kijana wangu angeniuliza usiku ule.

Rafiki yangu mmoja, fundi hodari, ananiambia tuache neno la Kiingereza lilivyo, au tuseme maigresheni tukaendelea na kazi. Nakiri kwamba maigresheni ni afadhali kuliko uhamiaji. Neno geni humfanya mtu aulize maana. Neno la kwetu lililowekwa mahali pasipo pake humfanya aamini kwamba amekwisha kuelewa. Lakini sioni kwa nini tuishie kwenye afadhali. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza wengi wetu tukaona programu nzima ya ofisini ikizungumza nasi kwa Kiswahili. Kazi ile ilimhudumia mtumiaji, anayebonyeza. Anayejenga na kutunza mtambo kwa ndani bado tunamwachia maneno ya kuokoteza.

Na kuna sababu kubwa zaidi ya kulitaka neno geuzo, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Kuhamisha ni kazi ya hamali. Hamali haulizwi maoni juu ya mzigo. Anaulizwa tu kama umefika. Maadamu tunaiita kazi hii kuhamisha, mshairi ataona haimhusu, atamwachia fundi. Lakini kubadili umbo la jedwali la mashairi ni kuamua shairi ni nini.

Chukua safu ya ukwapi. Unapoiunda, mtambo hukuuliza kama inaruhusiwa kuwa tupu. Ukijibu hapana, umesema kwamba kila mshororo lazima uwe na vipande viwili. Basi utenzi, ambao mshororo wake ni kipande kimoja, umekataliwa mlangoni, na shairi huru halitaingia kabisa. Jedwali lisilokubali safu tupu ni Amri Abedi wa mwaka 1954 na sheria zake za kutunga; jedwali linalokubali ni Kezilahabi wa mwaka 1974 na Kichomi chake. Mjadala ule uliowatoa watu jasho kwa miaka mingi, leo unaamuliwa na neno moja ndani ya faili, saa nne za usiku, na mtu ambaye huenda hajawahi kuusikia. Tena mtambo ukikuta tungo zilizokwisha kuingia, utakuuliza uzijaze nini katika safu hiyo mpya isiyotaka utupu. Mwenye haraka hujaza kistari. Kuanzia hapo kila utenzi katika hazina yenu una kina cha kistari, na mwanafunzi atakayekuja kuhesabu vina baada ya miaka kumi atashangaa sana.

Sitaki nionekane naionea amri moja tu. Ipo kazi ambayo jina la kuhamisha linaistahili kabisa, nayo ina matatizo ya lugha ya peke yake. Majina ya watunzi tuliyatoa katika daftari la Excel tukayapeleka katika kanzidata ya watu, na safari hiyo ikakwama Ng'hoboko. Naam, kata ya Ng'hoboko, wilayani Meatu, kisha ikakwama tena Kinang'weli, wilayani Itilima. Katika lugha ya SQL, ritifaa ndiyo alama ya kufungua na kufunga maandishi. Aliyeandika amri zake kwa kuunganisha vipande vya maneno, kama tulivyofanya sisi, atakuta mtambo umesoma Ng, ukadhani neno limekwisha, kisha ukajikwaa katika hoboko usijue ni amri gani. Dawa inajulikana: thamani zipelekwe mbali na amri, zisichanganywe nayo. Lakini kuna ritifaa mbili, iliyonyooka ya kibodi na iliyopinda ya simu nyingi, ambazo jicho halizitofautishi na mtambo huziona kuwa alama mbili tofauti. Mtu akitafuta ng'ombe kwa ritifaa moja, hampati ng'ombe aliyeandikwa kwa nyingine. Katika mkoa wa wafugaji, fikiria hasara hiyo. Tulizigeuza zote kuwa moja safarini, kabla hazijafika.

Ilipofika zamu ya kuhesabu mizani, aliyeandika sehemu hiyo alikuwa amehesabu herufi. Mtambo huona ng' kuwa alama tatu. Sikio la mshairi husikia sauti moja, na ng'ombe ni mizani miwili tu, sawa na baba. Nilimketisha chini, nikamghania beti nne, mpaka akahesabu kwa vidole.

Kuna neno jingine nisilolipenda, nalo nitalipita upesi. Programu inayotumiwa na watu halisi tumezoea kusema iko katika uzalishaji. Simiyu ni mkoa wa pamba. Ukisema uzalishaji hapa, watu wanafikiria kilo, mizani ya mnunuzi na kiwanda cha kuchambulia. Kwa nini tusiseme programu iko jukwaani, na ile ya kujaribia iko mazoezini? Mtunzi yeyote anajua tofauti ya kukosea mazoezini na kukosea jukwaani. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina wataalamu wa istilahi walio bora kuliko mimi. Wakinipinga kwa hoja nitafurahi, ili mradi wasiniletee uhamiaji.

Karatasi iliyo juu ya meza ya kijana sasa ni ndefu zaidi. Inasema: chukua nakala, ifungue mahali pengine uhakikishe inasomeka. Tekeleza geuzo la kanzidata ya tungo, na uitaje kwa jina. Kagua daftari la mageuzo la kanzidata hiyo, usikague la jirani. Hamisha maandishi kutoka safu ya zamani kwenda mpya. Linganisha idadi ya mishororo, kisha soma mashairi kumi kwa sauti. Safu ya zamani usiiguse. Tumekubaliana ikae mpaka msimu wa pamba upite.

Tulifanya yote hayo juma lililopita, mazoezini kwanza, kisha jukwaani. Mtambo uliripoti mshororo mmoja wenye hitilafu. Ulikuwa katika lile shairi la pili la mzee wa Meatu: tarbia safi, ila utao mmoja katika ubeti wa tatu una mizani tisa badala ya nane. Kijana aliniuliza kama aurekebishe. Nikamwuliza mzee alivyoughani. Akachezesha rekodi ya simu, tukasikiliza pamoja, mzee akiuvuta mzani ule wa tisa polepole bila wasiwasi wowote. Tumeuacha.